Gitaa la besi la akustika: anayeanza achague lipi, na ajifunze kwa kitu gani?

BintiWaWete

Asalaam alaykum. Nipo Wete, Pemba. Jioni tunakutana barazani watu watano: udi, fidla, dumbaki (ngoma ya mkono), rika (tari ndogo) na mwimbaji. Umeme ukiwepo au usiwepo tunatumia spika ya kuchaji kwa mwimbaji tu, vyengine vyote vinapigwa kavukavu. Besi ndiyo inayokosekana, na wenzangu wamenikubalia niishike mimi.

Nataka kununua gitaa la besi la akustika, lile lenye tumbo kama la gitaa la kawaida lakini kubwa zaidi, nyuzi nne nene. Nimetokea kwenye rika, kwa hiyo mapigo nayajua, ila nota sizijui na chombo cha nyuzi sijawahi kukishika. Litasikika mbele ya dumbaki bila ya amplifaya? Mkono wangu ni mdogo, shingo ya urefu gani itanifaa? Hewa yetu ya chumvi na unyevu wa masika vitalifanya nini? Na nijifunze kwa njia gani, kwani bando la kuangalia video kila siku ni ghali na hapa sijapata mwalimu wa besi? Bajeti ni laki tisa kwa kila kitu. Kununua itakuwa Unguja au Dar es Salaam.

---

FundiNyuzi

Waalaykum salaam, dada. Nianze na la kusikika, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua ununue nini.

Uzi mnene kabisa wa besi ni E, unatikisika mara 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Wimbi la sauti ya hiyo E lina urefu wa zaidi ya mita nane, na tumbo la gitaa, hata likiwa kubwa kiasi ambacho mtu bado anaweza kulikumbatia, ni dogo mno kulisukuma vizuri. Ukiwa peke yako chumbani utaisikia E, lakini kinachokufikia zaidi ni sauti zake za juu, ya 82 na ya 123, na sikio lenyewe linajaza pengo la chini. Dumbaki likianza, sauti hizo za juu zinafunikwa na hapana kinachobaki. Ndiyo maana dabalbesi ya vikundi vya taarab ina kimo cha mtu na nyuzi zinazopindukia mita moja. Na ndiyo maana sanduku la muziki wa kidumbaki, lenye uzi mmoja na fimbo tu, lina nguvu kuliko gitaa hili: ubao wake ni mpana na hewa ya ndani ni nyingi.

Kwa hiyo barazani na udi mmoja na mwimbaji, litatosha. Likiingia dumbaki na rika pamoja, halitoshi. Usinunue lisilo na pikapu, yaani kinasa sauti cha kuunganisha na spika, hata ukikuta zuri na rahisi. Mtu anayeambiwa "hili lina sauti kubwa, halihitaji umeme" anauziwa maneno.

Pikapu ya magitaa haya huwa ni piezo, ukanda mwembamba uliolala chini ya mfupa mweupe wa daraja, kile kipande cha mti juu ya tumbo kinachoshika nyuzi. Inasikiliza mgandamizo wa uzi, haina sumaku, kwa hiyo itafanya kazi na nyuzi za chuma na za nailoni vilevile. Ubavuni kuna kisanduku cha kurekebisha sauti kinachotumia betri ya volti 9. Kwa vyombo vingi, kuchomeka waya ndiko kunakowasha kisanduku hicho, hata kama hupigi. Ukimaliza, chomoa waya, la sivyo betri inaisha bure.

Sasa mbao. Kuna ubao wa mbele wa mti mmoja mzima, na kuna wa plaiwudi. Mzima unasifiwa kwa sauti, na kwa nchi kavu sifa hizo ni za haki. Kwetu ninapendekeza plaiwudi bila ya kusita. Mti mzima hunywa unyevu na kutanuka kwa upana. Kwa vile kingo zake zimegundishwa, hauna pa kwenda isipokuwa juu, unavimba nyuma ya daraja, daraja linapanda, na nyuzi zinapaa mbali na shingo. Plaiwudi matabaka yake yamepishana, kila moja linamzuia mwenzake. Tofauti ya sauti utakayoipoteza ni ndogo, khasa madhali utapitisha kwenye spika.

Majina ya kuyatafuta: Ibanez wana mfululizo wa AEB, Fender wana CB-60, yote ni ya bei ya chini kwa aina hii na hupatikana yaliyotumika. Lakini chombo ulichokishika mkononi kikawa sawa ni bora kuliko jina. Ukiwa dukani fanya hivi.

Tazama kutoka kichwani kuelekea darajani, jicho moja limefumbwa, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Shingo iwe na mbonyeo mdogo sana wa kwenda mbele, isijipinde kama msokoto. Chukua ukingo wa karatasi ujaribu kuupenyeza nyuma ya daraja, pale linapokutana na ubao. Ukiingia zaidi ya milimita moja, gundi imeanza kuachia; nyuzi nne za besi zinavuta yapata kilo 70 na zaidi kwa pamoja, halitarudi lenyewe. Gonga ubao wa mbele na wa nyuma kwa kifundo cha kidole, pahala pengi. Panapojibu kwa mlio wa kutetema kama kitu kimelegea, kuna mbavu ya ndani imebanduka. Tia tochi ya simu kwenye tundu utazame vitobo vidogo na unga mwembamba: huyo ni bungua, na chombo hicho usikiingize nyumbani kwako. Fungua kisanduku cha betri uone kama pana kutu ya kijani. Halafu piga kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, moja moja, polepole. Muuzaji akiharakisha, mwambie asubiri.

Katika laki tisa zako usimalize zote kwenye gitaa. Weka theluthi nzima pembeni kwa seti ya nyuzi, mkoba mzito wenye sifongo, kipima sauti cha kubana kichwani, waya, na fundi wa kulirekebisha. Gitaa la bei ya kati lililorekebishwa linapigika. La bei kubwa lisilorekebishwa litakuumiza vidole mpaka uliache.

---

NgamboBesi

Fundi amesema kweli kuhusu plaiwudi na pikapu. Mimi nitaongeza la shingo, kwa sababu dada amesema mkono wake ni mdogo, na hapo ndipo wengi wanapopotezwa.

Urefu unaopimwa ni wa uzi kutoka mfupa wa kichwani mpaka mfupa wa daraja. Besi ndefu ni inchi 34, sawa na sentimita 86. Fupi ni inchi 30, sentimita 76. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, ndefu inakutaka utanue vidole karibu sentimita 13. Fupi ni sentimita 11 na nusu hivi. Gitaa la kawaida la inchi 25 na nusu ni chini ya sentimita 10. Weka rula mezani, weka kidole cha shahada kwenye sifuri, tanua kidole kidogo bila ya kukaza kifundo cha mkono. Usipofika 13 kwa raha, si aibu. Watu wengi hawafiki, na hata wapigaji wa dabalbesi kule chini hawatumii kidole kimoja kwa kila freti. Wanatumia cha kwanza, cha pili na cha nne, cha tatu kinamsaidia wa nne, na mkono mzima unahama. Mbinu hiyo inafaa gitaa refu vilevile.

Hata hivyo kwa dada ningechagua fupi. Tatizo la akustika si shingo peke yake: tumbo ni nene, mkono wa kulia unalizunguka, bega linapanda, na gitaa refu linamsukumia mtu mkono wa kushoto mbali zaidi. Kaa nalo dukani dakika kumi, si mbili. Bega la kulia likianza kuuma, si lako.

Kuna jamii ya tatu ambayo fundi hakuitaja. Taylor wanatengeneza besi ndogo ya GS Mini, urefu wa inchi 23 na nusu tu, na Kala wanatengeneza U-Bass yenye umbo la ukulele, kama inchi 20 na ushei. Hiyo ya Taylor inapita bajeti yako kwa mbali. Ya Kala inatumia nyuzi nene za mpira maalumu, na kwenye spika inatoa sauti ya mviringo inayokaribia sana dabalbesi ya kudonoa, ambayo kwa taarab ndiyo tunayoitaka. Bila ya spika haisikiki hata mbele ya udi. Nyuzi zake mpya hunyooka kwa siku kadhaa. Utakaza na kukaza tena, na anayeanza hudhani chombo kibovu. Kidole chenye jasho hunata juu yake, na kwa joto la kaskazi jasho halikosi. Poda kidogo ya mtoto vidoleni inaondoa tabu. Faida kubwa kwa kisiwani: hazioti kutu.

La makamu sasa, yaani ngazi za noti za taarab kama Bayati, Rasti na Hijazi, kwa vile mnapiga na udi na fidla. Gitaa lenye freti halina robo sauti. Bayati ya D ina E iliyo katikati ya E na E iliyoshushwa, na freti yako haina hiyo. Usijaribu kumfuata udi noti kwa noti. Kaa juu ya D, G na A, ambazo hazina mgogoro, na ile E iruke kabisa. Rasti ya C vilevile: C, F na G ni zako, E na B muachie fidla. Hijazi haina shida, freti zinazo noti zake za kutosha. Mtu atakwambia ununue lisilo na freti ili upate robo sauti. Kwa anayeanza nasema hapana. Kwenye lisilo na freti kosa la milimita tatu linasikika, na kazi ya kwanza ya besi katika kikundi ni kuwapa wengine pahala imara pa kusimama.

---

BintiWaWete

Ahsanteni sana, maalim zangu. Kuna gitaa lililokwishatumika limepatikana Unguja, ndani ya bajeti. Ni refu, inchi 34, ubao wa mbele sijui kama ni plaiwudi. Ndugu yangu amepima kwa rula: kwenye freti ya 12 uzi wa E upo juu kwa milimita 5, na wa G milimita 4. Anasema kubonyeza ni kazi. Karatasi haikuingia nyuma ya daraja. Nyuzi zina kutu. Nilichukue au niliache?

---

FundiNyuzi

Karatasi kutoingia ni khabari njema. Milimita 5 ni nyingi. Lengo ni kama 2.8 mpaka 3 kwa E na 2.3 mpaka 2.5 kwa G. Lakini kabla ya kulikataa ijulikane urefu huo umetoka wapi, kwa sababu sababu ziko tatu na dawa zake si moja.

Kuhusu plaiwudi, mwambie atazame ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mti ikiteremka kutoka juu mpaka ndani bila ya kukatika, ni mti mzima. Akiona matabaka kama ya keki, ni plaiwudi.

Sababu ya kwanza ni shingo. Nyuzi zikiwa zimekazwa sawasawa, abonyeze E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 14 kwa mwengine, halafu atazame mwanya baina ya uzi na freti ya 7. Kadi ya biashara ya karatasi ipite kwa shida, kiasi cha milimita 0.3 mpaka 0.4. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, ikipita hiyo, shingo imepinda mbele na ndani yake kuna chuma cha kuinyoosha. Kinafikiwa kwa spana ya aleni, ama kichwani chini ya kifuniko, ama ndani ya tundu. Kuzungusha kuelekea kulia kunanyoosha. Robo mzunguko, basi. Kaza nyuzi upya, ngoja mpaka kesho, pima tena. Mtu akizungusha mzunguko mzima kwa pupa anakikata, na chuma kikikatika ndani ya shingo, gitaa limekwisha thamani. Kikikataa kuzunguka, usilazimishe.

Sababu ya pili ni mfupa wa daraja kuwa mrefu. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nyuzi zikilegezwa mfupa unatoka. Ukitaka kushusha milimita 1 kwenye freti ya 12, unapunguza milimita 2 kwenye mfupa, kwa sababu freti ya 12 ipo katikati ya uzi. Piga mstari kwa penseli, weka msasa juu ya kioo au marumaru iliyo sawa kabisa, usugue upande wa chini, si wa juu. Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoharibu: chini kukiwa na mviringo hata kidogo, mfupa haugusi piezo sawasawa, na kwenye spika uzi mmoja utakuwa hafifu huku jirani yake ananguruma. Watu hubadilisha pikapu nzima kwa kosa la msasa. Pia hakikisha mfupa unabaki juu ya daraja angalau milimita 3, vyenginevyo nyuzi hazitakuwa na pembe ya kutosha na sauti itakufa.

Sababu ya tatu ni tumbo kuvimba. Alaze rula ndefu juu ya ubao, nyuma ya daraja, kutoka upande hadi upande. Uvimbe mdogo ni wa kawaida, gitaa linalovutwa na nyuzi lazima livimbe kidogo. Ila kama rula inabembea na pembeni kunabaki mwanya wa zaidi ya milimita 3 kila upande, na mfupa wa daraja tayari ni mfupi, liache. Hapana fundi atakayelirudisha kwa bei iliyobaki mfukoni mwako.

Kutu ya nyuzi isikushughulishe, zinabadilishwa. Ila kutu ya freti itazamwe.

Ukinunua seti mpya, hakikisha ni ya besi ndefu. Nyuzi za bronzi zinazouzwa kwa akustika ni kali kwa sauti na zinakwaruza vidole, na chumvi yetu inazila haraka. Kwa taarab na kwa vidole vipya ningekupa zilizofunikwa nailoni nyeusi. Sauti ni nzito na ya upole, na kutu haizigusi kwa nje. Ni nene, kwa hiyo huenda mfereji wa mfupa wa kichwani ukahitaji kupanuliwa kidogo kwa faili jembamba. Usikate uzi kabla ya kuupitisha: acha sentimita 10 hadi 12 zaidi ya kigingi chake, ukunje kwanza, ndipo ukate. Uzi wa besi uliokatwa kabla ya kukunjwa unafunguka ule msokoto wa nje na kupoteza sauti.

Nyuzi za chuma zikichakaa, zichemshe dakika kumi, zikaushe kabisa juani, zirudishe. Uchafu wa jasho unatoka na zinapata uhai tena kwa muda. Si dawa ya kudumu, ila seti moja ya besi si ya kununua ovyo.

Kuhifadhi: kwenye mkoba muda wote usiopiga, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Vifuko hivyo vikishiba havifanyi kitu. Vikaushe kwa joto dogo juu ya sufuria kavu, kisha uvirudishe. Unyevu unaopendwa na gitaa ni baina ya asilimia 45 na 55, na masika yetu yapo mbali na hapo, kwa hiyo tegemea nyuzi kupanda kidogo kila masika na kushuka baadae. Usisugue mfupa mwezi wa Aprili kwa sababu hiyo! Subiri kusi iingie ndipo uamue. Ukitoka bandari ya Malindi, Unguja, na gitaa, legeza kila uzi kwa sauti moja nzima, liwe ndani ya boti pamoja nawe, si nje kwenye rashasha, wala si kwenye buti ya gari iliyoegeshwa juani bandarini Mkoani. Gundi hulainika kwa joto, na kilo 70 hazisubiri.

---

MwalimuWaSkuli

Wenzangu wamemaliza chombo, mimi niseme la kujifunza. Kutoka kwenye rika ni mtaji mkubwa, dada. Wapigaji wengi wa magitaa wanaohamia besi wana vidole na hawana wakati. Wewe una wakati, vidole vinafundishika.

Kwanza kukiweka chombo sawa. Ukitumia programu ya simu ya kupimia sauti, maikrofoni haiisikii vizuri E ya 41, namba zitarukaruka. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila ya kubonyeza, udonoe, uondoe kidole: utapata sauti safi ya 82, na programu itaikamata mara moja. Kipima sauti cha kubana kichwani kinasoma mtikisiko wa mti, kwa hiyo hakisumbuliwi na dumbaki pembeni.

Vifaa vya kujifunzia. Kwa mwenye bando dogo, StudyBass ni tovuti ya bure ya maandishi na michoro, ina mpangilio kutoka sifuri, na kurasa zake hazili data kama video. Kitabu cha Hal Leonard Bass Method cha Ed Friedland kina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza inakutosha mwaka. Vyote ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa besi ya umeme, lakini akustika ina nyuzi zilezile na mpangilio uleule, hapana kinachobadilika isipokuwa mkono wa kulia unadonoa kwa nguvu kidogo zaidi. Video chache uzitakazo zishushe pahala penye waifai, uzitazame kwa mwendo wa 0.5 au 0.75. Usisikilize besi kwa spika ya simu. Haitoi sauti hizo za chini kabisa. Tumia visikizio vya masikioni.

Tablatura zinapendwa kwa sababu ni rahisi: mistari minne, namba ya freti, basi. Zinakuambia wapi, hazikuambii lini wala kwa muda gani. Jifunze nota za ufunguo wa besi taratibu, noti mbili kwa wiki, ukizitaja kwa sauti huku unazibonyeza.

Mazoezi ni dakika 25 kila siku, na zigawe. Tano za mwanzo ni mkono wa kulia peke yake: kidole cha shahada na cha kati vikipokezana juu ya uzi ulio wazi, kila kidole kikimaliza kudonoa kinapumzika juu ya uzi wa pili yake. Metronomu, kile kihesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo. Kidole kimoja kikipiga mara mbili mfululizo, simama, anza upya. Kumi zinazofuata ni mkono wa kushoto: bonyeza nyuma tu ya freti, si katikati ya nafasi. Uzi ukitoa mlio wa zzz, mara nyingi kidole kipo mbali na freti, si kwamba nguvu haitoshi. Ndiyo maana wanaoanza hukaza mkono mpaka kidole gumba kinauma. Gumba lilale nyuma ya shingo, lisishike kama mpini wa jembe.

Na hizi kumi za mwisho ndizo besi yenyewe: kunyamazisha. Kila noti ina mwisho, na mwisho huo unauamua wewe kwa kulegeza kidole cha kushoto bila ya kukiondoa. Besi isiyonyamazishwa huacha nyuzi tatu nyengine zikivuma, na kwenye spika mvumo huo unakuwa tope.

Kazi ya kwanza na kikundi iwe bolero, kwani taarab yetu imeyabeba mapigo hayo na rumba. Katika hesabu ya nne, noti ya msingi iingie kwenye moja na ikae mpaka ya mbili imalizike, ya tatu piga noti ya tano, ya nne ipige tena au upande oktava. Ukiwa D: D ndefu, A, A. Noti ya tano ipo uzi unaofuata kwa wembamba, freti mbili mbele. Umbo hilo halibadiliki popote kwenye shingo, na kwa umbo hilo moja utamsindikiza mwimbaji wimbo mzima.

Kwa mwalimu, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanza Mji Mkongwe mwaka 2002 kinafundisha vyombo vya taarab. Hata masomo machache kila unapovuka yanafaa ukiyatumia kwa jambo ambalo kitabu hakioni: mkao, pembe ya kifundo cha kushoto, na jinsi unavyodonoa. Nota utazisoma mwenyewe nyumbani.

Na wakati gitaa linarekebishwa, tafuta sanduku. Mpigaji wa sanduku anavuta fimbo na kuipata noti kwa sikio, hana freti ya kumsaidia. Wiki mbili za sanduku zitakufundisha kuimba noti kabla ya kuipiga.

---

NgamboBesi

Nimalizie la spika ya kuchaji, kwani mtaitumia kwa mwimbaji na besi pamoja. Spika hizo nyingi huanza kupoteza nguvu chini ya mitikisiko 100 kwa sekunde hivi. Ukiongeza besi kwenye kisanduku cha gitaa ili E isikike, unachokipata ni spika kukoroma na sauti ya mwimbaji kuchafuka. Fanya kinyume: punguza besi kidogo, ongeza sauti ya kati. Sikio litaikamata E kupitia ile 82 na 123 aliyoitaja fundi.

Spika ikae kwenye pembe ya kuta mbili, itaongezeka chini bila ya kugusa kitufe. Wewe usikae mbele yake: tumbo la gitaa linaipokea sauti, linatikisika, pikapu inairudisha, na ndipo mngurumo unapoanza. Kaa ubavuni, mita mbili au zaidi. Mngurumo ukiendelea, ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, au kata duara la sifongo nene ulipachike ndani ya ukingo. Kama kisanduku kina kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), kibonyeze ulinganishe, ubaki na upande usionguruma.

Gitaa lile likipita vipimo vya fundi, lichukue hata kama ni inchi 34, ila tumia vidole cha kwanza, cha pili na cha nne. Na kabla ndugu yako hajalipa, achomeke waya kwenye amplifaya yoyote ya hapo dukani apige nyuzi nne kwa nguvu ileile. Uzi mmoja ukiwa hafifu, aombe bei ishuke; chanzo pengine ni mfupa tu, ila muuzaji hawezi kukuthibitishia kuwa si pikapu.